Saa za Kuona Wagonjwa

Nyumbani, 4 Februari

Shangazi, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na masikio yako yanaendelea na mgomo wao. Nimekupigia simu wiki nzima. Unapokea, unasema haloo kwa sauti ya kumfukuza mwizi, halafu unakata. Basi nimerudi kwenye kalamu, tuandikiane kama zamani uliponipeleka bweni.

Huku hatujambo. Baba watoto anakusalimu. Goti lake limepona kabisa, ingawa huanza kuchechemea tena kila akiona vyombo vichafu. Mjukuu wako mkubwa yuko mwaka wa pili chuoni na amekataa katakata kunitambulisha kwa wenzake, kwa sababu utakayoisoma sasa hivi.

Tafuta kiti. Nimerudi shule. Siyo semina ya siku mbili ya kupewa cheti na soda. Ni shahada ya uzamivu, ile ambayo juu yake hakuna nyingine, ila hii ni ya watu walio kazini. Unabaki na ajira yako, unaingia darasani wikendi moja kwa mwezi, na utafiti unaufanya hapohapo unapofanya kazi, juu ya kazi yako mwenyewe. Wanachukua wauguzi, maofisa ustawi wa jamii kama ulivyokuwa wewe, wataalamu wa mazoezi ya viungo, wote waliokaa kazini mpaka wakawa sehemu ya fanicha. Ni miaka mitano au sita. Nitahitimu nikiwa nakaribia kustaafu, yaani nitaiva siku ya kuepuliwa.

Wikendi ya kwanza ungecheka. Kila mtu darasani ni bosi mahali fulani. Mwalimu aliuliza swali, kila mmoja akasubiri aliye chini yake ajibu. Nusu yetu tulikuwa na miwani, nusu tulikuwa tumeisahau kwenye gari. Wakati wa mapumziko hatukuzungumza habari za vitabu, tulizungumza habari za migongo.

Mada yangu ni nafasi ya ndugu katika kumhudumia mgonjwa aliyelazwa. Niliichagua kwa sababu niliamini naijua, maana wodi ya kiharusi nimeiongoza mpaka nywele zimebadilika rangi. Msimamizi wangu ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, mpole, anaongea polepole. Aliniuliza kwa nini kwangu ndugu wanaruhusiwa kuingia saa moja tu kwa siku, jioni. Nikamwambia ni utaratibu. Akauliza nani aliuweka. Nikamwambia mimi. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, na mpaka leo sijui aliandika nini.

Niombee, shangazi. Juni nikipata likizo nitakuja kukuona.

Mwanao, mwanafunzi mkongwe.


Kwangu, 22 Februari

Mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeipata, nimeisoma, kisha nikampa fundi cherehani jirani yangu naye aisome, maana sikuamini macho yangu. Watu wa umri wako wanatafuta kiti cha kuegemea, wewe umetafuta dawati. Hongera. Nasema hongera kwa moyo mweupe kabisa, na kijicho kidogo.

Hicho kijicho nitakueleza. Nilipokuwa kazini nami niliomba ruhusa ya kwenda kusoma. Mkuu wangu akaniuliza, mtoto utamwachia nani? Mtoto mwenyewe ulikuwa wewe, umeletwa kwangu juzi yake na begi moja na kikohozi. Nikairudisha fomu. Sijuti, kwa hiyo usianze kulia juu ya karatasi, wino utachuja. Nakuambia tu ili ujue kwamba ukiishia njiani nitakuja huko kukuchapa mwenyewe.

Mimi mzima. Masikio hayana shida yoyote, ni wewe unayeongea kwenye simu kama unasoma kipimajoto. Kaka yako amepaka nyumba yake rangi ya kijani ambayo hata yeye huingia ndani ameinamisha uso. Nimeanza kutembea na fimbo, kwa ajili ya mbwa wa mtaani tu. Barua zangu atakuwa anazipeleka posta fundi cherehani, miguu yake ina kasi kuliko yangu na anapenda kujua nani kamwandikia nani.

Hiyo saa moja yako ni ndogo. Kwa saa moja watu wanawahi kusalimiana na kutafuta kiti. Lakini mimi nani, mimi sijasoma.

Shangazi yako.


Nyumbani, 16 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya. Nimesoma makala mpaka ndoto zangu zina orodha ya marejeo mwishoni. Huku wote wazima. Baba watoto amejifunza kupika wali kwa sababu ya masomo yangu, na sisi tumejifunza kuula.

Sasa sikia. Msimamizi wangu alinitaka nikakae kwenye benchi la nje ya wodi yangu, pale ndugu wanaposubiri, nione mambo yanavyoonekana kutoka upande ule. Nikaona hilo ni jepesi. Siku yangu ya mapumziko nikavaa gauni la nyumbani, nikajifunga kilemba mpaka kwenye nyusi, nikavaa miwani ya jua ya binti yangu, nikabeba chupa ya chai isiyo na chai. Nilifanana na mtu aliyetoroka ndoa.

Nilikaa kati ya mama mmoja mnene mwenye chupa ya uji na fundi baiskeli ambaye baba yake amelazwa kwetu, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi. Wakanisogezea nafasi vizuri tu. Mama wa uji akaniuliza, "Na wewe una mgonjwa humu?"

Nikasema ninao, jambo ambalo kwa kweli si uongo.

"Mara yako ya kwanza?"

Nikasema ndiyo. Akanipigapiga pajani. "Pole. Basi ngoja tukufundishe habari za Kengele."

Nikauliza Kengele ni nani.

"Sista mkubwa wa humo," akasema fundi baiskeli. "Ana kengele ya mkononi kama ya shule. Ikilia, hata kama mgonjwa ana kijiko mdomoni, unatoka."

"Mimi juzi mume wangu nilimwacha amemeza nusu," mama akasema. "Nusu nyingine sijui alimeza na nani."

Nikauliza, kwa sauti ya kubana pua nisijulikane, kama huyo sista hana moyo.

"Moyo anao," akanijibu yule mama. "Ila nao una saa zake za kuonwa."

Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, maana ukiamua kujitia hamnazo ujitie kikamilifu. Nikachangia hata la kwangu: nikasema nimesikia huyo Kengele hata nyumbani mumewe anaamshwa kwa kengele. Wakafurahi mno, wakaniona mwenzao. Wakanimwagia mbinu zote. Kubeba ndoo ya nguo safi. Kusema umetumwa dawa. Kuvizia Kengele akienda kunywa chai, ambapo sista mdogo hufumba jicho moja. Shangazi, nimeongoza wodi ile miaka yote na sikujua kwamba nikienda kunywa chai inajaa watu kama stendi.

Nilirudi nyumbani karibu nakimbia, nikaandika kila kitu, neno kwa neno, kurasa na kurasa. Kuhusu hilo jina la Kengele, nakiri liliniuma njiani, nikakaa kwenye kiti cha basi nikajiuliza kama kweli niko hivyo. Kisha mtafiti ndani yangu akamsukuma sista pembeni. Wenzangu darasani wana madodoso ya ndiyo na hapana, mimi nina benchi zima linaloongea. Wiki ijayo nampelekea msimamizi. Nadhani atanipa mkono.

Mwanao, Kengele.


11 Juni

Mwanangu, marahaba.

Umengoja, najua. Kalamu yangu iliisha wino, hii ni ya kuazima. Na naandika nimejilaza, kwa hiyo mistari ikipanda mlima usishangae. Ni uvivu wa hali ya hewa tu.

Barua yako ya benchi imenivunja mbavu. Nilicheka mpaka mwenzangu wa upande wa dirishani akaomba nimsomee. Nikamsomea, naye akacheka mpaka wakaja kutunyamazisha. Kuanzia leo na mimi nakuita Kengele. Usinune, ulisaini mwenyewe mwisho wa barua.

Niko vizuri. Nakula, nalala, chai inaletwa mapema kuliko ninavyopenda na sukari yake ni ya kuonjeshwa. Kaka yako nimemwambia asikusumbue na habari ndogondogo, kwa sababu unasoma. Ulisema unakuja Juni. Kama una masomo usije, barabara mbaya sana siku hizi.

Swali moja tu, la mstaafu. Sisi wa ustawi wa jamii tulikuwa tukienda nyumbani kwa mtu tunajitambulisha kwanza mlangoni, ndipo tunakaa. Hao watu wa benchi, uliwaambia wewe ni nani?

Shangazi yako.


Nyumbani, 25 Juni

Shangazi, shikamoo.

Huku salama. Binti amefaulu masomo yote, na baba watoto amefaulu wali.

Swali lako limenikuta tayari nimeshapigwa nalo. Nilimpelekea msimamizi kurasa zangu nikiwa nimevaa ile blauzi yangu ya sherehe. Akasoma, akacheka sehemu za kucheka, kisha akaniuliza, "Walijua wewe ni nani?" Nikamjibu kwa fahari, "Ndiyo uzuri wake, hawakujua." Akavua miwani, akaiweka mezani taratibu. Mimi ndiye huwapa ndugu habari mbaya kila wiki, mkao ule naujua.

Kwa kifupi, nimeula wa chuya. Huwezi kumtafiti mtu bila ridhaa yake. Si kwamba sikulijua hilo. Nimelifundisha kwa wauguzi wangu, kwa ubao na chaki. Neno hata moja la benchi lile haliruhusiwi kuingia kwenye kazi yangu, na kurasa zote nimezichana mbele yake. Yule mama na nusu ya uji wake, nimemchana.

Akaniambia nirudi nikaombe ridhaa waziwazi. Nikarudi, safari hii na sare, beji na fomu mkononi. Nikajitambulisha. Fundi baiskeli akasema sista wa hapa ni mzuri sana, hasa kengele yake, inawasaidia kujua wakati. Mama wa uji alinitazama machoni, akanitazama paji la uso pale kilemba kilipokuwa, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Na mgonjwa wako anaendeleaje?" Nilitamani sakafu ipasuke. Hakuna aliyesaini.

Mwezi wa nane kuna jopo la kutupima mwaka wa kwanza. Sina cha kuwapelekea. Nina aibu tu, na aibu haina mahali pa kujaza kwenye taarifa yao. Nafikiria kuacha, shangazi. Sijamwambia mtu ila wewe. Na ukitaka kujua, kengele bado naipiga. Siku hizi naipiga kwa hasira.

Juni imenishinda, nisamehe, nitakuja baada ya hilo jopo. Halafu mwandiko wako umekuwa wa hovyo, mistari imelala chali. Nunua kalamu yako mwenyewe.

Kengele.


10 Julai

Kengele, marahaba.

Usiache. Nilikwambia nitakuchapa, na nitakuchapa, ingawa kwa sasa itabidi usogee karibu mwenyewe.

Umekosea, umejulikana, umeaibika. Sasa hilo limeshapita, unaacha nini tena? Watu wa benchi wamekataa kusaini kwa sababu wanakuogopa. Hilo nalo si jambo la kuwaambia hao wa jopo? Mimi ningewaambia hilohilo, na ningevaa blauzi ileile.

Kwangu hakuna jipya. Mwenzangu wa dirishani ameruhusiwa, kitanda chake kimechukuliwa na bibi mmoja mkimya anayeficha biskuti. Ile shughuli yangu wameiahirisha tena, sasa wanasema tarehe ishirini na mbili, asubuhi. Ni kitu kidogo tu, usiulize. Yule binti wa zamu ya mchana ana mikono myepesi, ungempenda. Fundi cherehani anakuja jioni, ila anachelewa kwa sababu ya wateja, na muda unakwisha hajafika hata katikati ya umbea.

Soma, mwanangu. Mimi nipo tu, siendi popote.

Shangazi yako.


21 Julai, kwenye benchi

Shangazi, shikamoo, na nisamehe kwa kukosa salamu ndefu. Mtu wa kukuletea karatasi hii anataka kuingia.

Barua yako niliisoma nikinywa chai kazini. Mara ya kwanza niliisoma kama mpwa, nikacheka habari ya biskuti. Mara ya pili niliisoma kama muuguzi, na chai ikanipalia. Nyumbani kwako hakuna kitanda cha dirishani. Nyumbani kwako hakuna zamu ya mchana. Nikampigia fundi cherehani. Akaumauma maneno, kisha akasema yote: ulianguka bafuni mwezi wa tano, nyonga imevunjika, na kesho asubuhi unafanyiwa upasuaji. Mwezi wa tano, shangazi. Mimi nikakuandikia ununue kalamu. Mtaalamu wa kiharusi nimeona mwandiko umelala chali, nikautolea maoni kama mwalimu wa hati.

Nimekuja na basi la kwanza. Likaharibika njiani. Nimefika hapa saa za kuona wagonjwa zimekwisha muda si mrefu. Mlangoni kuna sista wa rika langu, mgongo umenyooka kama wangu. Akaniambia, "Muda umekwisha dada, rudi kesho jioni." Nikamjibu, "Sawa, sista."

Nikatii. Waliokuwa nyuma yangu walibishana, walilia, walitaja majina ya wakubwa, mmoja alizimia kiasi. Wengi wao sasa hivi wako ndani. Mimi, mtafiti wa nafasi ya ndugu, niligeuka vizuri nikaja kukaa kwenye benchi. Miguu ilikataa kabisa kuuvuka mlango ule. Ningeweza kusema na mimi ni sista, nikaona haya kuomba upendeleo ambao mimi mwenyewe huwanyima wenzangu.

Kesho jioni utakuwa umeshatoka kwa wapasuaji, au vyovyote itakavyokuwa. Naogopa, shangazi. Sina utani wa kuweka hapa. Nimewaambia watu "rudi kesho jioni" mara nyingi mno na sikujua ni maneno makubwa hivi.

Kuna mzee hapa ana ndoo ya nguo za mkewe, yeye anaingia. Nimempa karatasi hii. Niambie nifanye nini.

Mwanao.


Nyuma ya karatasi hiyohiyo

Marahaba.

Kitanda changu kinatazama mlango. Nilikuona. Niliona begi lako, nikajisemea huyu wangu kafika, nikajifuta uso kwa shuka nikajiweka sawa. Nikakuona unainamisha kichwa kwa adabu, unageuka, unaondoka. Sikuamini. Nilikulea mimi, sijui adabu hiyo uliitoa wapi.

Sikukwambia kwa sababu ningekwambia ungeacha masomo uje kunihudumia, na sikutaka tuwe wawili katika ukoo huu tuliorudisha fomu. Na pia, niseme kweli, niliudhika. Nilitaka ugundue mwenyewe.

Kesho naogopa. Hilo sijamwambia mtu, hata kaka yako. Hapa wauguzi ninao wa kutosha, wananigeuza, wananipima, wananisifu nikimaliza chakula. Sina mtu wangu. Azima ndoo ya huyo mzee uingie.


Nyumbani, 14 Septemba

Shangazi, shikamoo.

Natumaini umezoea hilo gongo la kutembelea na humpigi nalo kaka yako. Fundi cherehani ameniambia kwa simu kwamba mguu umeanza kukubali na kwamba umerudia kulalamikia sukari ya chai, nikajua umepona. Huku wazima. Baba watoto anauliza lini nitarudi jikoni, anauliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kweli nirudi.

Siku ile hukuniuliza nilivyoingia, nami sikukueleza. Nilibeba ndoo ya yule mzee nikamwambia sista wa mlangoni, "Napeleka nguo." Ndoo ilikuwa tupu. Nililazimika kuurudia mara mbili uongo ambao watu wa benchi langu wanausema huku wanapiga miayo. Yule sista akaitazama ndoo. Kisha akavitazama viatu vyangu, vile vyeupe vya kazini ambavyo nilisahau kubadilisha. Akasema, "Pita, mwenzangu, ila usikae sana." Nikakaa mpaka walipokuja kukuchukua asubuhi, na hakuna aliyenitoa.

Jopo limekaa. Niliwaambia yote: benchi, kilemba, kurasa nilizochana, watu waliokataa kusaini, ndoo. Mwenyekiti akaniuliza nimejifunza nini. Nilikuwa na jibu zuri nimelikariri njia nzima, lenye marejeo. Likayeyuka. Nikasema, "Anayepiga kengele ni mimi," kisha nikalia, mbele ya maprofesa, kwenye blauzi ya sherehe. Wakanong'onezana. Wamenipa mpaka mwakani nianze upya, na wamesema utafiti uanzie kwangu mwenyewe. Sijafeli, sijafaulu. Nimelazwa kwa uangalizi.

Kengele nimeifungia kabatini. Wiki ya kwanza wauguzi wangu walidhani naumwa. Sasa ndugu wanaingia mchana na jioni, na anayemlisha mgonjwa wake hatolewi. Ni vurugu tupu, nakwambia ukweli. Kuna mtu alileta redio. Mara kadhaa mkono wangu umekwenda kabatini wenyewe na nimeurudisha. Mama wa uji, ambaye mumewe sasa anakuja kwa mazoezi tu, amesaini fomu. Ameniambia atasema, ila atasema na mabaya, nikamwambia hayo ndiyo ninayoyataka, na sikuwa nasema kweli sana.

Sasa nina ombi. Ile karatasi uliyoniandikia nyuma yake kutoka kitandani. Nimeisoma kuliko nilivyosoma kitabu chochote cha kozi hii, na hakuna kitabu kilichosema vile. Ningependa kuitumia. Jina lako halitatajwa, wala la mji, wala la mtu yeyote. Nimeambatanisha fomu ya ridhaa, sahihi yako ni pale chini. Uone kwamba safari hii nimejitambulisha mlangoni kwanza.

Mwanao, Kengele mstaafu.


Kwangu, 30 Septemba

Mwanangu, marahaba.

Niko nyumbani, kwenye kiti changu, na kalamu hii ni yangu. Kaka yako alitaka nihamie kwake, nimemwambia ile rangi ya kijani itanirudisha wodini.

Fomu yako nimeisoma yote, hata yale maandishi madogo. Imeandikwa vizuri, ningekuwa bado ofisini ningeiba. Inasema nina haki ya kukataa bila kutoa sababu. Basi nakataa. Sababu nitakupa tu, kwa kuwa ni wewe.

Yale sikukiandikia chuo. Nilikuwa nadhani nakufa, nikamwita mwanangu aingie. Ukiyaweka kwenye kitabu watu watayapigia mstari kwa penseli, watayajadili, watasema mshiriki wa kwanza alionyesha hofu. Sitaki kuwa mshiriki wa kwanza. Mama wa uji mwandike, amekubali, na ana mdomo kuliko mimi. Mimi uniache nje ya masomo. Umalize hiyo shahada, nije kwenye mahafali na gongo langu nikupigie vigelegele, lakini nije kama shangazi.

Usinune. Najua umenuna.

Jumamosi mtaalamu wa mazoezi anataka nipande ngazi kwa mara ya kwanza. Nimekataa kupanda na fundi cherehani, anaongea mno na mimi nahitaji pumzi. Njoo wewe. Na kuna kitu nilikinyamazia. Siku ile ulipofika kitandani na ndoo yako, ulinishika mkono, nikafumba macho, nikajisemea basi, sasa siogopi. Nilikaa hivyo kidogo, raha mustarehe. Kisha nikafumbua jicho moja, nikaona midomo yako inacheza na macho yako yako kwenye saa ya mkononi. Ulikuwa unanihesabia mapigo.

Jumamosi uje bila saa.

Shangazi yako.